Rimoti ya kurushia ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kurusha ndege ndogo yenye mabawa, iwe ya foamu ya dukani au aliyoikata mwenyewe, na amekwama kwenye swali la rimoti. Droni za kupiga picha sizigusi hapa. Zile huja na rimoti zake na mnunuzi hana la kuchagua.

Ninunue ndege kwanza au rimoti kwanza?

Rimoti kwanza. Ndege ya mwanafunzi itapiga pua chini, na hilo halina ajabu: foamu inaungwa kwa gundi, propela inabadilishwa, mota inahamishiwa kwenye ndege nyingine. Rimoti inabaki mkononi mwako. Ukiitunza itakuhudumia kwa miaka, na vidole vyako vitaizoea kiasi kwamba ndege ikiwa hewani huitazami rimoti kabisa.

Napinga sana mazoea ya kumaliza hela zote kwenye ndege nzuri halafu kuirusha kwa rimoti yoyote iliyobaki dukani. Tena, ukipiga hesabu, usiihesabu rimoti peke yake. Kila ndege inahitaji risiva ndani yake, kile kijisanduku kinachopokea amri na kuzipeleka kwenye mota na kwenye sevo, zile mota ndogo za kusogeza bapa za ndege. Mwenye ndege nne ana rimoti moja na risiva nne. Bei ya risiva, na urahisi wa kuipata ulipo, ndivyo vitakavyoamua kama utaendelea na mchezo huu au utaishia ndege ya pili.

Ndege yangu imekuja na rimoti yake kwenye boksi. Haitoshi?

Kwa kujifunzia inatosha. Tatizo ni kwamba nyingi za aina hiyo hazina kumbukumbu ya ndege zaidi ya moja, hazikuruhusu kupunguza ukali wa vijiti, na risiva yake mara nyingi imeshikamana na bodi la umeme la ndege hiyo hiyo. Siku ndege ikifa, rimoti inakufa nayo. Jifunzie hapo bila wasiwasi, ila usinunue ndege ya pili ya mtindo huo.

Nahitaji chaneli ngapi?

Chaneli moja ni amri moja. Ndege rahisi kabisa inaruka kwa tatu: kasi ya mota, eleveta ya kupandisha na kushusha pua, na usukani wa mkiani. Ukiongeza eleroni, zile bapa za kwenye mabawa, umefika nne. Ukitaka kila eleroni iwe na chaneli yake ili uzirekebishe moja moja, ni tano. Ukiweka flapu, bapa za kusaidia kutua, ni sita. Magurudumu ya kukunja, saba.

Usinunue yenye chini ya sita. Nane au zaidi ni bora, na siku hizi tofauti ya bei si kubwa. Kumbuka pia kuhesabu matundu ya risiva: rimoti ya chaneli 10 ikiwa na risiva ya matundu sita, sevo unazoweza kuchomeka moja kwa moja ni za chaneli sita tu.

Modi 1 na Modi 2 ni nini?

Ni mpangilio wa vijiti. Katika Modi 2, kijiti cha kushoto kinashika kasi na usukani, cha kulia kinashika eleveta na eleroni. Katika Modi 1, kasi iko kulia na eleveta kushoto. Modi 2 ndiyo iliyoenea Marekani na Uingereza, na rimoti nyingi za bei ya kawaida huletwa hivyo. Modi 1 ina wafuasi wengi Japani na Australia. Hakuna iliyo bora. Fuata ya mtu atakayekufundisha, kwa sababu siku ndege yako ikipinduka hewani utamkabidhi rimoti, naye hatakuwa na muda wa kufikiria kijiti gani ni kipi. Kama huna mwalimu, chukua Modi 2.

Zote ni 2.4 GHz. Kwa nini risiva ya rafiki yangu haikubali rimoti yangu?

Swali hili ndilo lenye hela zako ndani, kwa hiyo tulia nalo.

2.4 GHz ni masafa tu, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth. Juu yake kila kampuni imeweka itifaki yake, yaani lugha ambayo rimoti na risiva zake huzungumza. FlySky wana AFHDS 2A, na baadaye AFHDS 3. Spektrum wana DSMX. Futaba wana FASST, S-FHSS na nyinginezo. FrSky wana D16 na ACCESS. Halafu kuna ExpressLRS, ambayo wengi wanaiita ELRS, iliyoandikwa kama programu huria na kutumiwa na watengenezaji wengi kwa pamoja. Risiva ya FlySky haisikii kitu kutoka kwa rimoti ya Futaba hata uzilaze kwenye meza moja.

Maana yake ni kwamba ukichagua rimoti umeshachagua na risiva utakazonunua miaka inayofuata. Basi anza na risiva. Fungua maduka unayoagizia, tafuta risiva ya matundu sita ya itifaki unayoifikiria, tazama bei, tazama kama iko kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Waulize wanaorusha karibu nawe wanatumia nini. Kwa sisi wa Dar, Mombasa au Kampala hili lina uzito kuliko kwa mtu mwenye duka la ndege mtaani kwake: risiva ikiharibika Jumamosi, ya kuazima kwa mwenzako ndiyo itakayokurusha Jumapili. Kama wenzako watatu wana FlySky, sababu ya kununua itifaki nyingine iwe nzito kweli.

Kuna njia ya kukwepa kifungo hiki, nayo ni moduli ya itifaki nyingi, maarufu kama 4-in-1. Ndani yake kuna chipu nne za redio: A7105 inazungumza na risiva za FlySky, CYRF6936 na za Spektrum, CC2500 na za FrSky pamoja na Futaba za S-FHSS, na NRF24L01 na ndege nyingi za kuchezea. Rimoti moja yenye moduli hii inaweza kurusha karibu kila kilichomo stoo. ELRS haimo humo. Kampuni ya RadioMaster huuza rimoti zake za Boxer na TX16S kwa toleo la ELRS na toleo la 4-in-1 kwa umbo lile lile, kwa hiyo soma maandishi ya toleo kabla ya kulipa. Zote mbili zina nafasi mgongoni ya kuchomeka moduli ya pili baadaye.

FlySky FS-i6 bado inafaa?

Inafaa, hasa FS-i6X ambayo inaweza kufika chaneli 10 badala ya sita. Ni nyepesi, inakumbuka ndege 20, na risiva zake, kama FS-iA6B, zimezagaa kila soko la mtandaoni. Menyu yake ni fupi, mtu anaielewa jioni moja. Wengi wamejifunzia hapo na hawajawahi kuona haja ya kuhama.

Ina tabia moja nzuri ambayo wanaoanza huidhania ni ubovu. Ukiiwasha huku swichi moja imeshushwa au kijiti cha kasi kimeinuliwa, inakataa kuanza. Inalia na kuandika kwenye kioo kwamba swichi zote ziwe juu na kasi ishushwe. Imefanya sawa: bila zuio hilo, propela ingezunguka karibu na vidole vyako mara tu ndege inapopata umeme.

Udhaifu wake uko kwenye vijiti. Vinatumia vipima-ukinzani vya kusuguana, na vumbi likiingia, baada ya muda namba zinaanza kurukaruka hata kijiti kikiwa kimetulia. Sevo zinatetemeka nazo. Ifungie kwenye mfuko au boksi lake, usiiache kwenye nyasi.

Na hizi RadioMaster zenye EdgeTX? Naambiwa ni ngumu.

Ni ngumu wiki ya kwanza. EdgeTX ni programu huria iliyotokana na OpenTX, na haikupi menyu ya «ndege ya kawaida» iliyokwisha kupangwa kila kitu. Inakupa hatua tatu: kinachoingia kutoka kwenye vijiti na swichi, mchanganyiko unaoutaka, na kinachotoka kwenye chaneli. Ukishaielewa njia hiyo, unaweza kupanga chochote. Chukua bawa lisilo na mkia: bapa mbili tu, kila moja ni eleroni na eleveta kwa wakati mmoja. Unaweka chaneli ya kwanza ipokee eleroni na eleveta, ya pili ipokee eleroni na eleveta iliyogeuzwa, unapunguza kila moja isizidi uwezo wa sevo, kazi imekwisha. Sevo ikienda kinyume, unaigeuza kwenye hatua ya kutoka.

Faida nyingine ni vijiti vya sumaku, vinavyopima nafasi kwa chipu ya Hall bila kusuguana. Kwa vumbi letu hicho ni kitu cha kulipia. Pocket, Boxer na TX16S zote zinavyo. Pocket ni ndogo na ya bei nafuu, vijiti vyake unavichomoa ukisafiri. Boxer inajaa vizuri mikononi. TX16S ina kioo kikubwa cha rangi cha kugusa na chaneli 16. Ningekuwa naanza leo na kuna hela ya kati, ningechukua Boxer. Kama hela ni ya Pocket, Pocket itarusha ndege ile ile.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye EdgeTX ni sauti. Rimoti husema maneno kutoka kwenye mafaili ya WAV yaliyomo kwenye kadi ya kumbukumbu, na unaweza kuweka yako. Rekodi kwa simu «betri imeshuka, tua», ligeuze kuwa WAV, lipe jina fupi, liunganishe na kipimo cha betri. Ndege ikiwa hewani huwezi kutazama kioo, na onyo linalokuja kwa Kiswahili, kwa sauti unayoijua, linashika akili haraka.

Nikichukua ELRS nijihadhari na nini?

Mambo machache, na yote humkuta mgeni.

Namba kuu ya toleo la programu ya ELRS kwenye rimoti na kwenye risiva lazima ilingane. Yenye toleo la 2 haibaindi, yaani haiungani, na yenye toleo la 3, na hakuna ujumbe utakaokwambia sababu.

Unaweza kubaindi kwa kauli ya siri, yaani neno unaloliandika kwenye moduli na kwenye kila risiva yako. Zikilingana, zinajuana zenyewe. Usiache neno la mfano ulilolikuta kwenye video, maana mwenzako uwanjani anaweza kuwa ameliacha hilo hilo. Njia ya pili ni kuwasha na kuzima risiva mara tatu, kisha kubonyeza Bind kwenye rimoti.

Ukiiwasha ndege na rimoti imezimwa, baada ya kama dakika moja risiva inafungua Wi-Fi yake na taa inameta haraka haraka. Haijaharibika. Zima, washa rimoti kwanza, kisha ndege.

La mwisho linawahusu hasa watu wa mabawa: chaneli ya tano kwenye ELRS imetengwa kwa swichi ya kuruhusu mota, na kwa mpangilio wa kawaida hubeba hali mbili tu, imewashwa au imezimwa. Ukiweka eleroni ya pili au flapu hapo, itarukia mwisho huu na mwisho ule. Ihamishie chaneli ya sita.

Spektrum na Futaba zina thamani ya bei yake?

Kwa mtu wa Marekani anayenunua ndege za Horizon Hobby kama zile za HobbyZone na E-flite, Spektrum ina maana kubwa. Ndege hizo huja na risiva ya DSMX tayari ndani, nyingi zikiwa na jairo ya kuituliza ndege kwenye upepo. Anabaindi na kurusha. Futaba ni kazi safi ya Japani, na warushaji wa mashindano wanaiamini kwa haki. Kwa anayeanza Afrika Mashariki siishauri, kwa sababu ile ile: bei ya risiva, na umbali wa kuzifuata. Ukiletewa Spektrum na ndugu aliye nje, ipokee kwa furaha, ila mwombe alete na risiva za akiba.

Itafika umbali gani?

Mbali kuliko macho yako. Ndege ya bawa la mita moja ikifika mita 300 au 400 ni vigumu kujua imelalia upande gani, na hapo umeshaipoteza hata kama mawimbi ni mazuri. Usilipie kilomita ambazo huzihitaji.

Mifumo ya 900 MHz iache. Toleo la 915 MHz limetengenezwa kwa soko la Marekani, ambako masafa ya 902 hadi 928 MHz yameachiwa vifaa vya namna hii. Afrika iko kwenye kanda nyingine ya masafa pamoja na Ulaya, na huku simu za GSM zinatumia 880 hadi 915 na 925 hadi 960. Utawaingilia wao, na mnara utakuingilia wewe.

Kinachopoteza ndege nyingi ni antena. Ncha ya antena haitoi mawimbi ya maana. Yanatoka ubavuni mwake. Kuielekezea ndege ncha ni kuinyima mawimbi, kwa hiyo ikunje ilale, ubavu wake ukitazama uwanja. Kwenye risiva, sehemu inayopokea ni ule waya mtupu wa mwishoni wenye urefu wa kama milimita 31, robo ya wimbi. Usiukate, usiukunje, usiufunge na betri. Kama antena ziko mbili, moja ilale na nyingine isimame, zikitengeneza pembe ya nyuzi 90, ili ndege ikigeuka vyovyote mojawapo iwe inaona. Na usizipitishe ndani ya bomba la kaboni. Kaboni inaziba mawimbi.

Felisefu ni nini, na kwa nini kila mtu anaisisitiza?

Ni kile risiva inachofanya ikipoteza mawimbi ya rimoti. Kuna risiva ambazo, usipozipangia, zinaendelea kushikilia amri ya mwisho. Kama amri ya mwisho ilikuwa mota kwa nguvu zote, ndege itaondoka hivyo hivyo kuelekea barabarani, shuleni, popote, mpaka betri iishe. Ndege ya kilo moja kwa mwendo huo inaumiza mtu vibaya.

Panga hivi: mota izime kabisa, sehemu nyingine zibaki katikati au zigeuze ndege taratibu ili ishuke karibu. Kisha ijaribu. Toa propela, washa rimoti, washa ndege, pandisha kasi kidogo mpaka mota izunguke, halafu zima rimoti. Mota isipozima ndani ya sekunde chache, hujapanga. Rudia jaribio kila ukibaindi upya, kwa sababu baadhi ya risiva hukariri felisefu wakati ule wa kubaindi.

Betri zipi?

FS-i6 inatumia nne za AA. Weka alkalaini au za kuchaji za NiMH. Zile za bei ya chini kabisa za tochi zinashuka haraka. RadioMaster nyingi zinatumia 18650 mbili, na mara nyingi huja bila betri kwa sababu ya masharti ya kusafirisha lithiamu kwa ndege. Hapo ndipo watu wanapouziwa betri zilizoandikwa 9900 mAh. Hakuna 18650 ya kiasi hicho. Nzuri kweli ni karibu 3500. Zile zilizotolewa kwenye laptopu mbovu ziweke kwenye taa, usiziweke kwenye rimoti iliyobeba ndege.

Nimepata rimoti ya zamani ya Futaba yenye antena ndefu, bei ya kutupa. Nichukue?

Antena ndefu ya kuvuta ni dalili ya 35 MHz au 72 MHz, zama za kristali, kile kidude cha kuchomeka kilichoamua masafa ya rimoti. Wakati ule wawili wakiwasha chaneli moja ya masafa, ndege ilianguka papo hapo. Ndiyo maana viwanja vilikuwa na ubao wa kuonyesha nani anatumia chaneli ipi. Iache. Kwa rimoti iliyotumika ya 2.4 GHz, fungua ukurasa wa kuonyesha nafasi za vijiti, visogeze polepole mwisho hadi mwisho, kisha viachie. Namba zikiruka au zisiporudi katikati, punguza bei au ondoka.

Naweza kujifunza kabla ya ndege kufika?

Unapaswa. Rimoti za EdgeTX ukizichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB zinatambulika kama kijiti cha michezo; FS-i6 inahitaji waya wake maalumu. PicaSim ni simuleta ya bure, RealFlight ni ya kulipia. Fanyia zoezi kitu kimoja mpaka kichoshe: kuirudisha ndege ikikuelekea wewe, maana hapo kulia na kushoto vinabadilishana.

Kuna kibali?

Ongea na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA ukiwa Kenya, TCAA ukiwa Tanzania, na ufanye hivyo kabla ya kuagiza, kwani mzigo ukishakwama forodhani gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabika. Rimoti peke yake na ndege nzima vinaweza kutazamwa tofauti. Na kaa mbali na viwanja vya ndege, hata vile vya changarawe vya mbugani.

Rimoti imefika. Nianzie wapi?

Kalibrisha vijiti kwanza, yaani ifundishe rimoti katikati na mwisho wa kila kijiti. Tengeneza ndege mpya kwenye kumbukumbu na uipe jina linaloeleweka, maana kuruka ukiwa umechagua ndege nyingine kwenye orodha kunaweza kukuta eleroni zimegeuka, na hilo hugunduliwa mita mbili toka ardhini. Weka swichi ya kuzima mota kabla ya kuchomeka propela. Baindi. Panga felisefu na uijaribu.

Simama nyuma ya ndege na usukume kijiti kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Vuta kijiti kwako: eleveta ipande. Fanya hivi kila siku ya kuruka, hata kama jana ilikuwa sawa.

Uwanjani, washa rimoti kabla ya ndege, na ukimaliza zima ndege kabla ya rimoti. Rimoti nyingi zina hali ya kupunguza nguvu kwa ajili ya jaribio la umbali. Iwashe, mwachie mwenzako aishike ndege vizuri, tembea hatua 30 ukichezesha vijiti, naye akuambie sevo zikisita. Kisha rudieni jaribio mota ikiwa inazunguka, yeye akiwa nyuma ya propela, kwa sababu kelele za umeme za mota huonekana wakati huo tu.